Maswali ya Wasomaji: Nyumba Ikatiwe Bima ya Kiasi Gani?

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mwenye nyumba akishaamua kukata bima, aandike kiasi gani kwenye fomu? Tumechagua barua chache na kuzifupisha, na majina ya walioziandika tumeyaacha.

SWALI: Assalamu alaykum. Nyumba yangu ya Fuoni nimeijenga kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka kumi, na nikijumlisha risiti nilizonazo nakuta nimetumia kama shilingi milioni 70. Dalali wa mtaani ananiambia kwamba nikiiuza leo sikosi milioni 160. Benki iliyonikopesha milioni 40 za kumalizia paa na sakafu imenitaka nikate bima, na afisa wake anasema bima ya milioni 40 inatosha. Nishike hesabu ipi?
*Msomaji, Fuoni, Unguja*

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Usishike hata moja kati ya hizo tatu, kwa sababu kila moja inajibu swali jingine. Kiasi cha bima ya jengo kinatakiwa kilingane na gharama ya kuisimamisha tena nyumba kama ilivyokuwa, kwa bei za vifaa na ujira wa mafundi wa leo, endapo itateketea yote. Hesabu hiyo hukuitaja katika barua yako, na inaelekea hakuna aliyekufanyia.

Tuanze na ya dalali. Katika milioni 160 zake kimo kiwanja, ukaribu wa barabara, maji yanayotoka, na majirani wema. Kiwanja hakiungui moto, na kwa sheria ya Zanzibar ardhi yenyewe ni mali ya Serikali, wewe unayo haki ya kuitumia. Ukiandika milioni 160 utalipa ada kubwa kila mwaka bila faida, kwa kuwa fidia haivuki hasara iliyotokea hata kama kiasi kilichoandikwa kwenye hati ni kikubwa zaidi.

Risiti zako nazo ni kumbukumbu ya bei za zamani. Mfuko wa saruji ulionunua wakati wa kupiga msingi si wa bei ya leo, na saruji na nondo zote tunazojengea huku zinavuka bahari, kwa hiyo bei ya mafuta na nauli ya meli huingia moja kwa moja katika ukuta wako. Tena risiti hazionyeshi kile ambacho hukukilipia: shemeji aliyekupigia plasta kwa chakula cha mchana, vijana wa mtaa waliokusaidia siku ya kumwaga zege, na wewe mwenyewe uliyesimamia kazi bila mshahara. Nyumba ikiungua, huna uhakika wa kuwapata watu hao tena kwa masharti yale yale.

Ya benki ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu inasemwa na mtu mwenye tai na inaonekana rasmi. Benki inalinda deni lake. Ikiwa nyumba itateketea yote na hati ina milioni 40, benki hutajwa humo kuwa ndiyo ya kulipwa kwanza, nayo itachukua salio la mkopo wake. Kitakachobaki kwako ni kiasi kidogo pamoja na kifusi. Benki ina haki ya kukutaka uwe na bima, lakini haikuzuii kukata bima ya kiasi kikubwa kuliko mkopo.

Sasa tufanye hesabu, kwa mfano tu. Tuseme nyumba yako ina mita za mraba 140 ukipima kwa nje ya kuta, na mkadiriaji majenzi, au fundi mkuu mwenye uzoefu wa nyumba za aina hiyo, amekwambia kwamba kwa ubora ule ule kila mita ya mraba itagharimu shilingi 700,000. Hizo ni milioni 98. Ongeza ukuta wa uzio, geti, karo, na mnara wa tangi la maji, tuseme milioni 12. Ongeza tena milioni 10 za kubomoa kilichobaki, kuondoa kifusi, kuchora ramani upya na kulipia vibali, maana kazi hizo zitafanyika kabla tofali la kwanza halijawekwa, na wengi huzisahau. Jumla ni milioni 120, na hicho ndicho kiasi cha kuandika.

Pengine utasema kwamba nyumba ya matofali na mabati haiteketei yote, kwa hiyo milioni 40 zitatosha kwa hasara yoyote ya kawaida. Kwa maoni yetu hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Hati nyingi za bima ya nyumba zina sharti la wastani, ambalo maana yake ni kwamba ukikatia bima sehemu tu ya thamani, kampuni nayo inalipa sehemu hiyo hiyo ya kila hasara, iwe kubwa au ndogo. Chukua mfano wa jikoni: waya umepata moto nyuma ya friji, dari imeshika, mabati yamepinda, na vyumba viwili vimeharibika kwa hasara ya milioni 18. Ukiwa na bima ya milioni 120 unalipwa milioni 18 zote, ukitoa kile kiwango kidogo ambacho hati inataka ukibebe mwenyewe. Ukiwa na bima ya milioni 70, kama risiti zako zinavyosema, utapata milioni 10 na laki 5. Na ukifuata ushauri wa afisa wa benki utapata milioni 6, ilhali hasara ilikuwa ndogo sana kuliko milioni 40 ulizokatia bima. Mwenye nyumba huona amedhulumiwa, kumbe sharti lilikuwamo kwenye hati tangu siku aliyotia saini.

Ikiwa ada ya milioni 120 ni nzito kwako, usipunguze kiasi cha bima. Omba badala yake kiwango cha hasara unachokibeba mwenyewe kiongezwe, kwa mfano ukubali kwamba hasara ya chini ya milioni moja hutadai kabisa. Kampuni nyingi hupunguza ada kwa makubaliano hayo. Hasara ya dirisha moja unaweza kuimudu kwa mshahara, ya nyumba nzima huwezi. Na kila unapohuisha bima, usikubali tu kutiwa muhuri kwenye fomu ya mwaka jana: mpigie fundi simu, uulize bei ya saruji, nondo na mabati, kisha ulinganishe.

SWALI: Nimeshauriwa nikate bima ya nyumba hiyo hiyo katika kampuni mbili, ili likitokea la kutokea nilipwe mara mbili. Inawezekana?
*Msomaji, Kwarara*

JIBU: Haiwezekani. Bima ya mali humrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, haimtajirishi. Kampuni hizo mbili zitagawana hasara moja kati yao, nawe utakuwa umelipa ada mbili, na ukificha bima ya pili wakati wa kudai unaweza kukosa hata ile ya kwanza.

SWALI: Nyumba ya marehemu baba yetu iko Mji Mkongwe, upande wa Malindi. Ni ya ghorofa mbili, ya mawe na boriti, na mlango wake ni wa nakshi. Warithi tuko saba, watatu wanaishi nje ya nchi, na nyumba haijagawiwa. Ndugu yetu mmoja ameleta makadirio ya kuijenga upya kwa matofali ya saruji na anataka tukate bima kwa kiasi hicho, kwa jina lake. Tufanyeje?
*Warithi, Malindi*

JIBU: Makadirio hayo hayafai, hata kama fundi aliyeyafanya ni hodari. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ujenzi wowote ndani yake hupita kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nyumba ikianguka hamtaruhusiwa kuinua ghorofa ya saruji mahali pake kama mnavyotaka. Mtatakiwa kuirudisha katika sura yake, na kwa kadiri inavyowezekana kwa vifaa vyake. Kwa hiyo cha kukadiria ni gharama ya jiwe, chokaa na boriti.

Gharama hiyo haifanani kabisa na ya Fuoni. Kuta za nyumba hizi zina unene wa nusu mita na zaidi, za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na chokaa nzuri hutaka kuchomwa, kulowekwa na kusubiriwa. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyenu ni virefu na vyembamba. Boriti zenyewe hazikatwi bila kibali. Mafundi wanaojua kazi ya chokaa ni wachache na wanajua thamani yao. Kisha kuna usafiri. Kichochoro ambamo watu wawili wenye mizigo hawapishani hakipitishi lori, kwa hiyo kila jiwe litaingia na kila ndoo ya kifusi itatoka kwa mkokoteni au kwa bega la hamali, na kuta za jirani zitahitaji kuegemezwa muda wote wa kazi. Katika nyumba ya kiwanja kifusi ni nyongeza ndogo ya hesabu. Kwenu kinaweza kuwa sehemu kubwa. Mlango wa nakshi ufanyiwe tathmini yake peke yake na fundi wa nakshi, upigwe picha mbele na nyuma, utajwe katika hati kwa thamani yake, maana mtathmini wa hasara akikuta majivu atauhesabu kama mlango wa kawaida wa mbao.

Mkipata makadirio kamili huenda mkashtuka. Kabla ya kukimbilia nusu yake, iombeni kampuni ikubaliane nanyi kwa maandishi juu ya thamani ya nyumba kabla ya hati kutolewa, na iseme wazi kwamba sharti la wastani halitatumika mkikata bima ya kiasi hicho kilichokubaliwa. Si kila kampuni itakubali, na itakayokubali itataka kuikagua nyumba kwanza. Ukaguzi huo msiuogope, kwa sababu unaleta mezani jambo ambalo warithi wengi hawataki kulisikia: bima hailipi uchakavu. Maji yanayopenya paani masika baada ya masika, boriti iliyoliwa na mchwa, ukuta uliofura kwa unyevu, vyote hivyo ni kazi ya mwenye nyumba. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na hilo lilikuwa jengo la Serikali lililokuwa katika ukarabati. Nyumba ya watu binafsi iliyoachwa bila paa zima haina kiasi cha bima kitakachoifaa. Fedha za ada za miaka miwili ya kwanza zingefanya kazi nzuri zaidi juu ya paa.

Kuhusu jina, hapa tunawasihi msifanye haraka. Mtu hukata bima ya mali kwa maslahi aliyonayo katika mali hiyo, na ndugu yenu ana fungu lake tu. Hati ikiwa kwa jina lake peke yake, kampuni inaweza kumuuliza siku ya kudai analidai lipi zaidi ya fungu hilo, na hata ikimlipa yote, nyinyi sita mtabaki kutegemea uadilifu wake. Hati iandikwe kwa jina la msimamizi wa mirathi kwa niaba ya warithi wote, au majina yenu saba yaandikwe. Kama usimamizi bado haujapangwa, nendeni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kabla ya kwenda kwenye bima. Ada mchangie kwa mafungu, vivyo hivyo na fidia. Kumtaka dada mwenye nusu ya fungu la kaka alipe ada sawa naye si haki, ingawa katika familia nyingi ndivyo inavyofanywa na hakuna anayesema.

SWALI: Sisi tuko Chake Chake. Nyumba tumeshaikatia bima, sasa mume wangu anataka tukatie na vitu vya ndani, na amekisia milioni 10 kwa jumla. Nina dhahabu yangu ya harusi, na msimu wa karafuu huwa tunaweka magunia yaliyokauka katika chumba cha uani tukisubiri kuyapeleka kuuza. Milioni 10 zinatosha?
*Mama wa nyumba, Pemba*

JIBU: Bibi, kukisia kwa jumla hakufai. Ingia chumba kimoja baada ya kingine na daftari, na kila kitu ukiandikie bei ya kukinunua leo hapo Pemba, pamoja na gharama ya kukifikisha kutoka Unguja au Dar es Salaam ikiwa Chake hakipatikani. Utashangaa jinsi vitu vidogo vinavyojaza daftari: mapazia, magodoro, vyombo vya kabatini, nguo za watu sita. Wengi hukumbuka friji na televisheni, kisha wanasahau kabati la nguo, ambalo mara nyingi ni ghali kuliko vyote viwili. Piga picha za kila chumba kwa simu, uzitume kwa ndugu aliye mji mwingine, kwa sababu simu nayo inaweza kuungua na nyumba.

Dhahabu ni jambo la peke yake. Bima ya vitu vya ndani kwa kawaida huweka ukomo mdogo kwa vito na fedha taslimu, hata kama jumla ya bima ni kubwa. Ipeleke kwa sonara aipime na akupe karatasi yenye uzito na thamani, kisha kila kipande kitajwe katika hati. Uliza pia kama inalindwa unapoivaa nje ya nyumba, kwa sababu dhahabu hupotea harusini kuliko sandukuni.

Karafuu hazimo kabisa. Bima ya vitu vya ndani inahusu vitu vya matumizi ya nyumbani, na magunia ya karafuu ni mavuno ya kuuzwa. Yakiungua ndani ya chumba kile kile pamoja na godoro, godoro litalipwa na karafuu hazitalipwa. Tena kuwapo kwake bila kutajwa kunaweza kuleta ubishi hata katika madai ya nyumba yenyewe. Iambie kampuni, na uombe zikatiwe bima yake kwa miezi ya msimu tu. Kiasi chake ni rahisi kukijua kuliko cha kitu kingine chochote ulichonacho, kwa kuwa mnunuzi ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na bei ya kila daraja hutangazwa. Hesabu kilo za siku ambayo chumba hujaa kabisa, si za wastani wa msimu, kwa maana moto hauchagui wiki ambayo mmeshauza nusu.

Na kwa kuwa mko Pemba, angalieni upya kiasi cha jengo pia. Ikiwa makadirio yalifanywa kwa bei za Unguja, nyongeza ya meli hadi Mkoani au Wete na gari hadi kwenu haimo.

SWALI: Nina nyumba Paje. Naishi mbele na wanangu, na vyumba vitatu vya nyuma nawapangisha wageni wa siku mbili tatu. Uani nimejenga banda la makuti la kukalia. Bima yangu ni ya nyumba ya kuishi. Nikiongeza kiasi cha bima, nitakuwa salama?
*Msomaji, Paje*

JIBU: Hapana, kwa sababu tatizo lako halimo katika kiasi. Uliiambia kampuni kwamba hiyo ni nyumba ya familia, ilhali sasa ni nyumba ya familia na ya biashara, na bima husimama juu ya ukweli uliosemwa wakati wa kuikata. Moto ukianzia chumba cha mgeni, kampuni ina hoja ya kukataa kulipa hata ungekuwa umeandika milioni 500. Waeleze kwa maandishi kuhusu wageni na kuhusu makuti, na ukubali kwamba ada itapanda. Watakuuliza banda liko umbali gani kutoka kwenye paa la nyumba, jiko liko wapi, na kama una mitungi ya kuzimia moto. Makuti makavu ya kaskazi yenye upepo wa pwani hayampi mtu nafasi ya kuchota maji. Kama banda limeegemea nyumba, kulisogeza kutakufaa zaidi kuliko nyongeza yoyote ya bima.

Mgeni akiteleza bafuni na kuvunjika mguu, bima ya jengo haihusiki. Hiyo ni bima ya dhima kwa watu wengine, yenye kiasi chake, na kiasi hicho hakipimwi kwa thamani ya nyumba bali kwa madai ambayo mgeni anaweza kuyaleta, pamoja na matibabu na kusafirishwa kwao. Usiichukue ndogo. Uliza vilevile kuhusu kipato: nyumba ikiungua mwezi wa Juni, vyumba vitakaa bila wageni msimu wote wa Julai na Agosti, na upotevu huo hulipwa tu ikiwa uliutaja na kuukatia kiasi.

SWALI: Sikati bima kwa kuogopa riba. Nasikia takaful inapatikana. Je, huko nako kuna mambo ya kuandika kiasi, au mtu huchangia tu anachoweza?
*Msomaji, Mombasa kwa Mchina, Unguja*

JIBU: Kiasi kipo. Katika takaful washiriki huchanga katika mfuko wa kusaidiana, na anayepatwa hulipwa kutoka humo, lakini mchango wako hupangwa kulingana na thamani unayotaka mfuko uibebe. Kwa hiyo hesabu ya gharama ya kujenga upya ni ile ile tuliyomwandikia ndugu wa Fuoni, na anayetaja nusu ya thamani atasaidiwa kwa nusu, kwa sababu ndicho kiasi alichowaomba wenzake wambebee. Uliza mambo mawili kabla ya kujiunga: ziada ya mfuko mwishoni mwa mwaka hugawiwa vipi, na msimamizi wa mfuko anachukua ujira gani. Hakikisha pia kwamba msimamizi huyo amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, yenye ofisi hapa Zanzibar; na kama baadaye mtahitilafiana juu ya fidia na kampuni ikakataa kukusikiliza, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako utatakiwa kwenda na hati yako, makadirio ya fundi, na barua ya kampuni iliyokataa.